Jamaa ya Kapitani Joubert, toka Mrumbi mpaka Fizi

Tarehe 18 Agosti 2024, katika mji wa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, Askofu mkuu wa Kinshasa, alitangaza kwa jina la Papa Fransisko ya kwamba watumishi wanne wa Mungu waliouawa kule Baraka na Fizi wahesabiwe kati ya Wenye heri. Watatu walikuwa Waksaveri, wazaliwa wa Italia: Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè na Frère Vittorio Faccin. Wa nne alikuwa padri wa jimbo, mzaliwa wa Kongo, Abbé Albert Joubert.

Jina Joubert ni jina la Ulaya, na mwenye jina alikuwa chotara. Kwa hiyo msomaji aweza kuuliza: mtu huyu ni wa wapi? Jibu lake ni fupi. Alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1908 pale Mtakatifu Ludoviko wa Mrumbi, kando ya Tanganika, katika nchi ya Moba. Mama yake ni Agnes Atakaye, mwanamke mwafrika. Baba yake ni Ludoviko Joubert, aliyejulikana pwani yote kwa cheo chake cha zamani: Kapitani. Kusudi tufahamu vizuri kifo cha mtoto, inafaa tuingie kwanza katika nyumba alimozaliwa. Baba hakuwa padri wala frère. Alikuwa mlei, mkulima, mwalimu wa dini, baba wa watoto kumi, na mbele ya yote hayo alikuwa askari. Habari ya jamaa yake ni habari ya bunduki na ya jembe, na mwishoni tutaona ni kitu gani kati ya hivyo kilichozaa matunda.

I. Kijana wa kijiji na askari wa Papa

Ludoviko Joubert alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 pale Saint-Herblon, kijiji cha Ufaransa karibu na mto Loire, upande wa magharibi. Nchi ile ni ya wakulima, na watu wake walisifiwa kwa kushika dini. Mwaka 1793, wakati wa mapinduzi makubwa ya Ufaransa, wakulima wa pande zile walikamata silaha kwa ajili ya mapadri wao na mfalme wao, na wengi walikufa. Mtoto aliyezaliwa pahali sawa pale alisikia habari hizo toka kwa wazee, sawa vile sisi tulivyosikia habari za vita toka kwa babu zetu. Jembe na upanga vilikaa karibu karibu katika mawazo ya watu.

Mwaka 1860, wakati Papa Pio IX aliposhambuliwa na majeshi ya Italia yaliyotaka kumnyang'anya nchi zake, vijana wa nchi nyingi walikwenda Roma kumlinda. Joubert alikuwa na miaka 18. Naye akaenda. Tarehe 18 Septemba 1860 jeshi la Papa lilishindwa kule Castelfidardo. Nyuma yake vijana wale wakapangwa katika kikosi kilichoitwa Zuavu wa Papa. Tarehe 3 Novemba 1867 walipata ushindi kule Mentana. Lakini tarehe 20 Septemba 1870 Roma yenyewe ilitwaliwa, na Papa akaamuru askari wake waache kupiga, kusudi damu isimwagike bure. Joubert alikuwa amekwisha kupata cheo cha kapitani. Sasa alikuwa kapitani asiye na jeshi.

Turudie kidogo neno lile la Papa. Mtu aliyetoa miaka kumi ya ujana wake kwa kulinda mji, mwisho aliambiwa na yule yule aliyemlinda: weka silaha chini. Fundisho lile halifahamiki siku moja. Katika jamaa ya Joubert lilingoja miaka 94.

II. Pwani ya Masanze

Mwaka 1868 Mgr Lavigerie, Askofu mkuu wa Aljeri, alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe. Mwaka 1878 karavani yao ya kwanza ilitoka pwani ya bahari, na mwezi wa Januari 1879 ikafika Ujiji. Njiani kulikuwa na homa, na wanyang'anyi, na biashara ya watumwa. Mgr Lavigerie akaona kama mapadri hawawezi kulinda watu watakaowakimbilia. Akawaita walei, hasa Zuavu wa zamani, waende pamoja nao. Mwaka 1880 Joubert akaitika. Alikuwa na miaka 38, umri ambao mtu wa kwao alikuwa tayari na shamba, bibi na watoto.

Wasomaji wa Uvira na Fizi waangalie vema: kazi yake ya kwanza haikuwa mbali, kule Marungu. Ilikuwa hapa kwetu. Mapadri walikuwa wamefungua misioni ya Mulweba mwaka 1880, katika nchi ya Masanze, kwenye pwani ya magharibi ya ziwa, karibu na rasi ya Ubwari. Ngambo, kule Rumonge katika nchi ya Burundi, kulikuwa misioni nyingine. Tarehe 4 Mei 1881 Padri Deniaud, Padri Augier na mlei mmoja mwenzao, askari wa zamani Félix d'Hoop, waliuawa pale Rumonge katika ugomvi juu ya mtoto mmoja aliyekuwa amepokelewa na misioni. Habari ile ilitetemesha nyumba zote za mapadri. Joubert akapewa kazi ya kulinda Mulweba. Nyuma yake, mwaka 1883, misioni ikahamia Kibanga, kwenye ghuba iliyo kati ya Ubwari na nchi ya Wabembe.

Inafaa tuseme wazi walilinda kitu gani. Nyakati zile watu wa Ujiji, Waarabu na Wangwana, walivuka ziwa kwa mitumbwi mikubwa, wakiwa na bunduki na baruti. Mkubwa wao wa pande hizi alikuwa Mohammed bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza. Vijiji vilichomwa, wanaume waliuawa ao walikimbilia milimani, wanawake na watoto walifungwa kamba na kupelekwa kuuzwa. Tena hatuwezi kusema ya kwamba wageni peke yao ndio waliofanya ubaya ule. Watemi wengine wa kwetu waliuza watu wao, na watu wengi waliobeba bunduki za Rumaliza walikuwa wazaliwa wa Manyema na wa pwani za ziwa hili hili. Ndivyo ilivyo mara nyingi: moto wa mgeni hupata kuni katika nyumba ya mwenyeji.

Mapadri walikomboa watoto kwa vitambaa na shanga, wakawalea. Watu wengine walikimbilia misioni kwa mapenzi yao, wakajenga karibu na ukuta. Hivi ndivyo Kanisa letu lilivyoanza: si kwanza kwa mahubiri, lakini kwa watu waliotafuta pahali pa kulala bila kuogopa.

III. Boma la Mpala na shamba la Mrumbi

Mwaka 1885 Joubert alirudi Ulaya. Wengi walidhani amekwisha kazi. Lakini mwaka 1886 akafunga tena safari, na mwezi wa Machi 1887 akafika Mpala. Toka siku ile hakuiona tena Ufaransa.

Mpala ilikuwa na historia ngumu. Boma lake lilianzishwa mwaka 1883 na Mbelgiji Émile Storms, aliyetumwa na chama cha mfalme Leopoldo II. Storms alitaka kutawala nchi kwa nguvu. Mwezi wa Desemba 1884 watu wake walimwua mtemi Lusinga, naye akachukua kichwa cha mtemi, akakipeleka Ulaya. Mwaka 1885 mfalme aliacha Mpala na Karema mikononi mwa Mapadri Weupe, na Storms akaenda zake. Basi, mapadri na Joubert walirithi boma ambalo watu walilifahamu kwa kuogopa mbele ya kulifahamu kwa kusali. Jambo hili lisifichwe kwa wanafunzi wetu. Msalaba ulipoingia Mpala, ulikuta damu ukutani.

Mgr Lavigerie alikuwa na wazo la kuanzisha katika Afrika ya katikati ufalme mdogo wa Kikristu, wenye mkubwa mlei wa kuulinda. Pale Mpala wazo lile lilijaribiwa. Lakini nyumba moja haina wakubwa wawili: mapadri walikuwa na amri yao juu ya watu, na kapitani alikuwa na kazi yake. Joubert akajenga makao yake mbali kidogo, kando ya ziwa kati ya Mpala na Moba, pahali panapoitwa Mrumbi, akapaweka chini ya ulinzi wa msimamizi wake, Mtakatifu Ludoviko mfalme.

Pale Mrumbi mambo mawili yalikwenda pamoja. La kwanza ni vita. Toka 1890 mpaka 1892 watu wa Rumaliza walimsonga Joubert na vijiji vyake sana. Kule Ulaya Kardinali Lavigerie alikuwa amezunguka tangu 1888 akihubiri dhidi ya utumwa, na Wabelgiji wakatuma msaada. Mwishoni mwa 1891 Kapitani Jacques alifika na watu wake, akaanzisha Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Mwaka 1894 nguvu za Rumaliza zilivunjwa na jeshi la Leta, ile serikali ya Leopoldo ambayo watu wetu waliiita Bulamatari. Biashara ya watumwa ikaisha pwani. Lakini watu wa Kongo walijua upesi ya kwamba Bulamatari naye ana mzigo wake wa kubebesha na fimbo yake.

Jambo la pili ni shamba. Hapa ndipo Joubert alipoachana na maaskari wengine wa wakati ule. Vita ilipokwisha hakutafuta cheo wala vita nyingine. Alibaki Mrumbi na watu wake. Waliomkimbilia walikuwa watu wa makabila mengi, wengine wasiojua tena kijiji walikozaliwa. Walihitaji udongo wa kulima mbele ya kila kitu kingine. Muhogo na mahindi na maharagi havikui pahali ambapo watu wanakimbia kila mwezi. Amani hupimwa kwa shamba: mtu akipanda kitu ambacho atakivuna mwaka ujao, maana yake ameamini ya kwamba mwaka ujao atakuwapo.

Tena alifundisha. Padri hakuwapo kila siku pale Mrumbi. Mlei huyu aliongoza sala, alifundisha wakatekumeni, alitunza wagonjwa, na mtu aliyekuwa karibu ya kufa alimbatiza. Magomvi ya watu aliyasikiliza. Sisi tungesema leo: alikuwa mwalimu wa kijiji, mkubwa wa shirika ndogo, na muganga wa dispanseri, vyote pamoja, na mikono yake ilikuwa na udongo.

IV. Nyumba ya Agnes Atakaye

Mwaka 1888 Joubert alimwoa Agnes Atakaye kwa ndoa takatifu. Yeye alikuwa na miaka kama 46.

Msomaji wa leo aweza kupita haraka juu ya neno hili. Asipite. Nyakati zile, na miaka mingi nyuma yake, Wazungu wengi wa Kongo waliishi na wanawake wa nchi bila ndoa. Mwanamke aliitwa mtumishi wa nyumba. Mzungu alipomaliza mkataba wake alirudi Ulaya, na mwanamke akabaki na mtoto mgongoni. Serikali ya Wabelgiji haikuwaona watoto hao kuwa ni wa baba zao, tena haikutaka wabaki kwa mama zao. Maelfu yao walinyang'anywa mama zao wakiwa wadogo, wakapelekwa katika nyumba za misioni, mbali na jamaa zao. Nasi watu wa Kanisa tuseme kweli: nyumba zile zilikuwa zetu. Maaskofu wa Ubelgiji waliomba samahani mwaka 2017, na waziri mkuu wao Charles Michel aliomba samahani mbele ya wabunge tarehe 4 Aprili 2019. Mwezi wa Desemba 2024 korti ya rufani ya Brussels iliamua ya kwamba jambo lile walilotendewa wanawake watano waliopeleka mashtaka lilikuwa kosa juu ya ubinadamu.

Basi, tutazame nyumba ya Mrumbi tukikumbuka hayo. Hapa baba hakumficha mama wa watoto wake. Alimsimamisha mbele ya altare. Watoto kumi waliozaliwa walibeba jina la baba yao, wakanyonya na kukua kwa mama yao. Hawakuwa watoto wa siri. Hakuna boma la mawe lililoweza kuwalinda sawa vile ndoa ile ilivyowalinda.

Juu ya Agnes mwenyewe vitabu husema maneno machache, sababu waandishi wa wakati ule walitazama kapitani na bunduki yake. Lakini mtu yeyote aliyekulia katika kijiji anajua ni nani anayefundisha mtoto ishara ya msalaba, ni nani anayemwamsha kwenda Misa, na ni nani anayefungua mlango wakati mgeni anapobisha usiku. Baba alikuwa na cheo. Mama alikuwa na nyumba. Kati ya watoto wa nyumba ile, wawili walikuwa mapadri.

Jamaa hii haikuwa peke yake. Ngambo ya ziwa, pale Karema, aliishi Adrien Atiman. Alikamatwa utumwani angali mtoto katika nchi ya mto Niger, akakombolewa na mapadri, akasomeshwa uganga kule Malta. Alifika Tanganika karibu na mwaka ule ule wa ndoa ya Joubert, akawa mwalimu wa dini na muganga mpaka kufa kwake mwaka 1956. Bibi yake naye aliitwa Agnes, na mtoto wao Yosefu alikuwa padri. Pwani mbili zinatazamana: hapa askari mfaransa, pale mtumwa aliyekombolewa, nyumba zote mbili zilitoa padri. Na kule Baudouinville, tarehe 21 Julai 1917, Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu, alipewa upadri, wa kwanza kabisa katika Kongo ya Wabelgiji. Joubert alikuwa angali hai. Aliyekuja kulinda mbegu kwa bunduki aliona kwa macho yake ya kwamba mbegu imeota, tena haikuota kwa sababu ya bunduki.

Malale ilipoenea kando ya ziwa, jamaa ililazimishwa kuacha Mrumbi. Ugonjwa ule ulikuwa umekwisha kufunga misioni ya Kibanga mwaka 1893. Joubert akahamia Misembe, karibu na Moba, akaanza tena kulima akiwa mzee. Pale pale alikufa tarehe 27 Mei 1927, mwenye miaka 85. Ilikuwa miaka 47 tangu alipoitika wito wa Lavigerie. Albert alikuwa na miaka 18.

V. Mtoto asiyebeba bunduki

Albert Joubert alipewa upadri tarehe 6 Oktoba 1935. Hakuingia katika shirika la wamisionari wa Ulaya. Alikuwa abbé, padri wa jimbo sawa sisi. Mwisho wa kazi yake alitumika pande za Fizi, kati ya Wabembe. Tarehe 16 Aprili 1962 jimbo la Uvira lilianzishwa, na Mgr Danilo Catarzi, Mksaveri, akawa askofu wake wa kwanza. Waksaveri walikuwa vijana: mwaka 1964 Padri Didonè alikuwa na miaka 34, Padri Carrara 31, Frère Faccin 30. Abbé Joubert alikuwa na miaka 56. Katika nyumba ya Fizi yeye ndiye aliyekuwa mzee.

Mwezi wa Mei 1964 maasi yalishika Uvira, na pwani yote mpaka Fizi ikawa mikononi mwa waasi. Watu walikuwa na machungu ya kweli: uhuru wa 1960 uliahidi mengi, na wengi walipata njaa na dharau. Vijana walipewa dawa, wakaambiwa risasi zitageuka maji. Wamisionari wengi walikamatwa. Wale wa Baraka na Fizi walibaki na Wakristu wao, wakiendelea na Misa, na maungamo, na wagonjwa.

Tarehe 28 Novemba 1964, nyuma ya saa sita ya mchana, motokari ya waasi ilisimama mbele ya misioni ya Baraka. Frère Faccin alipigwa risasi. Padri Carrara alikuwa kanisani akiungamisha; alitoka, akakataa kupanda motokari, akapiga magoti karibu na ndugu yake aliyelala chini, akauawa pale pale. Jioni motokari ile ile ikapanda Fizi. Padri Didonè alikwenda mlangoni, akapigwa risasi. Abbé Joubert naye akapigwa risasi.

Sasa tuweke siku mbili pamoja. Baba alifika katika pande hizi za Masanze na Ubwari akiwa na bunduki, kusudi watu waliokimbilia misioni wasiuawe. Miaka zaidi ya 80 ikapita. Mtoto wake akafa kwenye milima inayotazama maji yale yale, katika nyumba ya misioni, bila bunduki, bila boma, bila askari hata mmoja. Neno ambalo Pio IX aliwaambia Zuavu mwaka 1870, jamaa ilililipa mwaka 1964: silaha chini, na sisi tubaki.

VI. Tufundishwe nini?

Msomaji asidhani ya kwamba tunataka kumhukumu baba kwa kumsifu mtoto. Mtu aliyeona watoto wakifungwa kamba, na aliyeweza kuwazuia wanaowafunga, asingeweza kukaa tu akisali rozari. Kanisa halikufundisha kamwe ya kwamba ni dhambi kumlinda mdhaifu. Lakini tuulize kwa haki: katika kazi zote za Kapitani Joubert, ni ipi iliyobaki? Maboma yalihamwa. Ufalme wa Kikristu wa Mpala haukuzaliwa; Leta ilichukua nchi. Bunduki zake zimekwisha kuoza. Kilichobaki ni ndoa moja na watoto wake, na Wakristu waliofundishwa sala pembeni ya shamba. Bunduki ilinunua muda. Ni nyumba iliyotumia muda ule vizuri.

Jambo hili si la zamani tu. Tangu 1996 nchi yetu ya Uvira na Fizi imejua vita moja nyuma ya nyingine. Kila kikundi kinachobeba silaha kinasema: tunalinda watu wetu. Pengine mwanzo ni kweli, sawa vile ilivyokuwa kweli kwa Joubert. Lakini yeye, adui alipokwisha kuondoka, alirudi shambani, akaoa, akafundisha katekisimu, akazeeka. Hapo ndipo twaweza kumpima mtu anayesema analinda. Tusimuulize tu: ulimpiga nani? Tumuulize: bunduki uliiweka chini lini, na nyuma yake ulipanda nini?

Kuna fundisho jingine kwa ajili yetu mapadri na ninyi waseminari. Abbé Albert alikuwa na baba wa Ufaransa na mama wa Afrika. Alizaliwa katika nchi ya Watabwa. Alikufa kati ya Wabembe pamoja na Waitalia. Hakuna kabila la jimbo la Uvira linaloweza kusema: huyu ni wetu kwa damu ya ukoo. Na kwa sababu hiyo yeye ni wa wote, Wabembe na Wafulero, Wavira na Wamasanze na Wanyamulenge. Padri anayehesabu Wakristu wake kwa kabila bado hajafika Fizi, hata kama amezaliwa pale.

Na ninyi walimu wa vijiji, ambao mnalima juma zima na siku ya Mungu mnaongoza ibada pahali ambapo padri hafiki, mnaolipwa kidogo ao hamlipwi, msidhani ya kwamba habari ya jamaa hii ni ya watu wakubwa. Ondoeni cheo cha kapitani, ondoeni boma: kunabaki mlei mmoja mwenye jembe, bibi wake, nyumba iliyojaa watoto, na kitabu cha sala. Nyumba ya namna ile iko katika kila kijiji cha jimbo letu. Toka nyumba ile ya Mrumbi alitoka padri wa kufa pale Fizi pamoja na wenzake, siku ambayo kukimbia kungefahamika na watu wote.

Sikukuu yao ikifika, tuwasomee Wakristu majina manne. Tena, kwa sauti yetu ya kawaida, tuongeze la tano, ambalo haliko katika orodha ya wafiadini: Agnes Atakaye, mama wa nyumba.